Kabla ya Siku ya Kwanza ya Mionzi: Mambo ya Kuweka Sawa Mapema

Mgonjwa wa saratani akiambiwa atatibiwa kwa mionzi, hofu yake ya kwanza huwa ni mashine. Watu wamezoea kusema "kuchomwa mionzi", na neno hilo peke yake limewakimbiza wengi. Ukweli ni kwamba mashine haiumi. Unalala juu ya meza, wahudumu wanatoka chumbani huku wakikutazama kwa kamera, mashine inazunguka ikivuma, na baada ya dakika chache unaambiwa ushuke. Kinachowashinda wagonjwa ni ratiba: uje leo, uje kesho, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu, tano au saba, mwili ukizidi kuchoka na mambo ya nyumbani yakiwa hayakusubiri. Kwa hiyo jiandae kuimaliza tiba hii. Kuianza si kazi.

Sababu ya ratiba hiyo ndefu iko ndani ya seli. Mionzi huharibu DNA, yaani maagizo ambayo seli huyatumia kuishi na kugawanyika. Seli zenye afya hujikarabati vizuri kuliko seli za saratani, ndiyo maana dozi hukatwa vipande vidogo vya kila siku: kati ya kipande na kipande, tishu nzima hupata saa za kupona. Lakini saratani nayo hailali. Tiba ikikatika siku kadhaa, seli zilizosalia huanza kuzaliana upya, na saratani za kichwa na shingo pamoja na ya mlango wa kizazi zinajulikana mno kwa tabia hiyo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, madaktari hulenga tiba yote, ya nje (inayotoka kwenye mashine) na ya ndani (ya chanzo kinachoingizwa mwilini), ikamilike ndani ya wiki 8. Siku uliyoikosa katikati hailipwi kirahisi kwa kuongeza siku mwishoni. Mengi nitakayoyataja hapa chini yanatokana na jambo hilo: yashughulikie sasa ili yasije yakakusimamisha njiani.

Anza kwa kumuuliza daktari lengo la tiba yako. Je, ni kuponya? Ni kusafisha mabaki baada ya upasuaji ili ugonjwa usirudi? Au ni kutuliza maumivu na kuzuia damu kutoka? Majibu haya hubadilisha kila kitu. Anayetibiwa maumivu ya mfupa ulioingiliwa na saratani anaweza kupewa dozi moja tu ya grei 8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Maumivu yake yanaweza hata kuongezeka kwa siku moja au mbili kabla ya kupungua, na nafuu huchukua wiki kadhaa kujionyesha vizuri. Asipoambiwa hivyo mapema ataamini tiba imeshindwa.

Halafu jua ni mionzi ya aina gani. Ya nje ndiyo inayotumika zaidi. Mashine ya LINAC hutengeneza mionzi kwa umeme, na ukizimwa hakuna mionzi. Mashine ya kobalti, iliyoanza kutibu watu mwaka 1951, hutumia madini yenye mionzi yaliyofungiwa ndani yake. Nguvu ya madini hayo hupungua hadi nusu kila baada ya miaka mitano hivi, kwa hiyo kwenye mashine yenye kobalti ya zamani utalala mezani dakika nyingi zaidi ili upate dozi ileile. Hupunjwi. LINAC za kisasa zina uwezo mkubwa zaidi wa kuipanga miale ifuate umbo la uvimbe na kuviepuka viungo vya jirani, na kwa uvimbe mdogo wa ubongo au mapafu, kwa mfano, dozi kubwa zinaweza kutolewa kwa siku chache tu kwa usahihi wa milimita. Ipo pia tiba ya protoni, yaani miale ya chembe ndogo za ndani ya atomu, inayopatikana katika vituo vichache duniani na inayowafaa hasa watoto na baadhi ya saratani zilizokaa karibu na viungo nyeti. Wagonjwa wengi hawaihitaji, wala usiuze shamba kuifuata kabla hujamsikiliza daktari wako.

Mionzi ya ndani ni kitu kingine. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, vifaa vyembamba huingizwa ukeni na ndani ya mfuko wa uzazi, wewe ukiwa umepewa dawa ya usingizi au ya ganzi, kisha mashine husukuma chanzo kidogo cha mionzi kupitia mirija, kikakaa kwa dakika kadhaa, kikarudishwa. Hutoki nacho. Mwanamke aliyeandikiwa mionzi ya ndani asiiache eti kwa sababu ya nje "imeshatosha" na damu imekoma. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayokipa kiini cha uvimbe dozi kubwa, na kuiacha ni kuacha tiba nusu. Mwombe daktari akueleze mapema utapewa dawa gani za maumivu. Una haki ya kuuliza.

Hapo ndipo linapokuja swali linalovunja nyumba: je, nitawadhuru watoto wangu? Ukitibiwa kwa mionzi ya nje, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwako hata kidogo. Kumbatia mtoto, lala na mwenzi wako, kula chakula kwenye sahani moja na wenzako. Tahadhari zipo kwa anayemeza ayodini yenye mionzi kwa ajili ya saratani ya tezi ya shingoni, ambaye atatengwa kwa siku kadhaa, na kwa aliyepandikizwa punje za kudumu zenye mionzi kwenye tezi dume, ambaye ataambiwa asikae karibu sana na wajawazito na watoto kwa muda fulani. Nimeona inafaa kulisema hili mbele ya familia nzima, daktari akiwepo, maana mgonjwa akijieleza peke yake mara nyingi haaminiki.

Idadi ya siku isikutie wivu wala woga. Utaratibu wa miaka mingi ni karibu grei 2 kwa siku, mara 25 hadi 35. Leo saratani ya titi mara nyingi hutibiwa kwa grei 40 katika siku 15, na baadhi ya wagonjwa kwa grei 26 katika siku 5. Mwenzako aliyemaliza kwa wiki moja hakupendelewa. Ugonjwa wake na wako havilingani.

Sasa mwili wako. Kama mionzi itagusa taya au mdomo, meno ndiyo jambo la kwanza kabisa, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mionzi hupunguza mate, na meno yasiyo na mate huoza haraka. Mionzi hupunguza pia mishipa ya damu ya mfupa wa taya, na jino likija kung'olewa baadaye, hata baada ya miaka, kidonda kinaweza kukataa kupona na mfupa ukaanza kufa. Nenda kwa daktari wa meno mara tu unapotajiwa mionzi. Jino bovu ling'olewe sasa, wiki mbili au tatu kabla ya kuanza, ili fizi ifunge. Na maisha yako yote, kila daktari wa meno utakayemwona mwambie kwanza: taya hii ilipigwa mionzi.

Jambo la pili ni uzazi, na hapa aibu imewagharimu watu. Mionzi ya nyonga inaweza kukomesha hedhi moja kwa moja na kuufanya mfuko wa uzazi usiweze kubeba mimba. Kwa mwanamume inaweza kuharibu mbegu. Njia za kuokoa uwezo huo zipo, kama kuhifadhi mbegu au mayai kwa baridi kali, au kuvisogeza vifuko vya mayai vya mwanamke juu, nje ya njia ya miale, kwa upasuaji mdogo, lakini zote hufanyika kabla. Usisubiri daktari aanze mazungumzo hayo, kwa kuwa akili yake iko kwenye uvimbe. Uliza wewe. Mwanamke ambaye bado anaweza kushika mimba apimwe ujauzito kabla ya kuanza, na wote wawili, mke na mume, watumie uzazi wa mpango muda wote wa tiba na baada yake kwa kadiri watakavyoelekezwa.

Usifiche kitu kwenye historia yako. Kama umewekewa betri ya moyo, sema, maana mionzi inaweza kuivuruga. Kama umewahi kupata mionzi sehemu yoyote ya mwili, hata utotoni, leta karatasi. Ugonjwa wa ngozi kukakamaa, lupasi (kinga ya mwili inaposhambulia mwili wenyewe), kisukari, yote yasemwe. Kuishi na VVU hakukunyimi tiba hii, na dawa zako za kufubaza virusi usiziache. Vidonge vikubwa vya vitamini vinavyouzwa kama "kinga" na dawa za miti shamba viorodheshe pia, hata kama unajua daktari atakunja uso: vingine vinaweza kuzikinga seli za saratani dhidi ya mionzi, vingine huumiza ini na figo zinazohitajika kwa tibakemia, yaani dawa za saratani ambazo wengine hupewa pamoja na mionzi.

Wavutaji sigara waelewe jambo moja. Mionzi huhitaji oksijeni ndani ya uvimbe ili ifanye kazi kwa nguvu zake zote. Moshi huiondoa oksijeni hiyo kwenye damu, na upungufu wa damu nao huipunguza. Kuacha sigara wiki hii, na kutibiwa upungufu wa damu kabla ya kuanza, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kabla ya dozi ya kwanza kuna siku ya kupanga, na wengi huja wakidhani ndiyo wanaanza kutibiwa. Siku hiyo utapigwa picha za CT, zinazoonyesha ndani ya mwili, ukiwa umelazwa jinsi utakavyolala kila siku. Utachorwa alama za wino au kuwekewa vidoa vidogo vya kudumu. Vikianza kufutika usijichore mwenyewe, waambie. Kwa kichwa na shingo, kipande cha plastiki hulainishwa kwa maji ya moto, kikafinyangwa juu ya uso wako na kugeuka barakoa ngumu yenye matundu. Kama unaogopa kubanwa, sema kabla. Kuna namna ya kukuzoesha, na dawa za kutuliza pia. Kwa nyonga utaambiwa unywe maji kiasi fulani na usiende haja ndogo, kwa sababu kibofu kilichojaa huyasukuma matumbo juu, mbali na miale. Fanyia mazoezi nyumbani: kiasi kilekile cha maji, muda uleule. Baada ya hapo utasubiri siku kadhaa, pengine wiki mbili. Hujasahauliwa. Daktari anachora kila kiungo kwenye picha, na mwanafizikia anapiga hesabu na kuzihakiki.

Tumia siku hizo kupanga nyumba. Nani atakusindikiza wiki ya nne, ukiwa umechoka? Utalala wapi kama hospitali iko mbali? Uliza gharama kwa ujumla wake: je, bei uliyotajiwa imejumuisha picha za kupanga, mionzi ya ndani, vipimo vya damu vya kila wiki? Wapo walioishiwa pesa dozi ya kumi na tano kwa sababu walitajiwa bei ya mashine tu. Uliza pia mashine ikiharibika wanafanyaje, na namba ya kupiga usiku. Kazini omba ruhusa ya muda wa tiba pamoja na wiki chache za baada.

Wiki ya kwanza huenda usihisi chochote. Uchovu huingia wiki ya pili au ya tatu, nao si ule wa kulala ukaamka mzima. Kutembea kidogo kila siku huupunguza kuliko kulala kutwa. Ngozi ya eneo linalotibiwa hubadilika rangi, hukauka, pengine huchubuka. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua, vaa pamba isiyobana, usiianike juani, usipake kitu ambacho hospitali haijakiruhusu. Nywele hudondoka pale tu mionzi inapopita. Nyonga huleta kuharisha na mkojo wenye kuchoma. Koo na mdomo huleta vidonda, na ladha hupotea. Hapa uzito ndio wa kulindwa: wengine huwekewa mrija wa kulishia, wakaogopa kana kwamba wamefikia mwisho, kumbe ndio uliowawezesha kumaliza dozi zote. Ukipata homa ya 38 au zaidi, ukishindwa kumeza hata maji, ukitokwa damu nyingi au ukikosa pumzi, piga simu siku hiyohiyo. Na ukizidiwa, nenda ukaonwe. Usijipumzishe nyumbani kwa uamuzi wako.

Makali haya hufika kileleni wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, wakati ndugu wanadhani yamekwisha. Mengine huchelewa: kikohozi na pumzi fupi miezi kadhaa baada ya mionzi ya kifua, mkono kuvimba, uke kukaza baada ya mionzi ya nyonga. Hilo la mwisho huzuiwa kwa kutumia vifaa maalumu vya kutanua uke, na muuguzi anatakiwa kukufundisha. Picha za kuangalia matokeo kwa kawaida hazipigwi mara moja, kwa kuwa uvimbe huendelea kusinyaa kwa wiki nyingi.

Siku ya mwisho usiondoke bila karatasi inayoonyesha sehemu iliyotibiwa, jumla ya grei, idadi ya dozi na tarehe. Tengeneza nakala, moja abaki nayo ndugu unayemwamini, kwa kuwa daktari atakayekuona miaka kumi ijayo hatathubutu kukupiga mionzi mahali palepale bila kuiona.