Balbu kwanza, umeme wa moja kwa moja baadaye

Ukimaliza kuunga amplifaya yako ya TDA7294 (aisii, yaani chipu, ya kukuza sauti), usiichomeke ukutani moja kwa moja. Tafuta balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100 (ya LED haifai), uiunge mfululizo kwenye laini ya moto kabla ya transfoma. Spika zikae pembeni. Ukiwasha, balbu itang'aa kidogo kapasita zikijaa, kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima haraka: kuna shoti, ila kwa kuwa balbu inazuia mkondo mkubwa, aisii ina nafasi ya kupona.

Shoti hiyo mara nyingi iko mgongoni mwa aisii. Kile kibati cha nyuma kimeungwa na volti hasi, si graundi, hivyo kikigusa bati la kupozea lililofungwa kwenye boksi lenye ethi, kwisha habari. Weka mika (kipande chembamba cha kuzuia umeme) pamoja na washa ya plastiki kwenye skrubu, halafu, umeme ukiwa umezimwa, pima kati ya kibati na boksi, mita ikiwa kwenye mlio. Mita isilie.

Balbu ikishafifia, pima DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50, endelea. Ukikuta volti nzima, spika isubiri. Na kapasita hubaki na chaji hata ukishachomoa, kwa hiyo vidole mbali.