SOMO: Kusaka chimbuko la nukuu (na kwa nini ile ya Voltaire si ya Voltaire)

Wiki hii nimeulizwa mara nne inboksi kuhusu Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa wa Ufaransa: "Mkuu, Voltaire aliandika wapi 'Sikubaliani na unayosema, ila nitatetea hadi kufa haki yako ya kuyasema'?" Hakuandika popote. Naweka somo hapa, atakayeuliza tena namtupia linki.

1. Nakili nukuu kama ulivyoikuta.

2. Jua mwenyewe alikufa lini na aliandika kwa lugha gani. Voltaire: 1778, Kifaransa.

3. Tafuta kwa lugha hiyo, maneno matano sita ndani ya fungua semi na funga semi. Ukikuta kila ukurasa una Kifaransa chake, shtuka: watu wamejitafsiria.

4. Nenda kwenye vitabu vilivyoskaniwa (Google Books, Internet Archive, Gallica kwa Kifaransa). Anza na cha zamani kabisa. Hii itakufikisha 1906: The Friends of Voltaire, cha S. G. Tallentyre.

5. SOMA UKURASA MZIMA. Hapa niliumbuka. Enzi za chuo niliona kipande cha mistari mitatu tu kwenye skrini, maneno yamefungiwa semi, Voltaire katajwa, nikafunga kazi. Nikasimama kwenye mdahalo nikataja kitabu na mwaka kwa mbwembwe. Mzee mmoja kule nyuma akauliza taratibu, "Kijana, 1906 Voltaire alikuwa na umri gani?" Ukumbi ulicheka mpaka nikakaa mwenyewe. Usiku ule nikafungua ukurasa wenyewe. Mara tu baada ya funga semi, mwandishi anaendelea: huo ndio ulikuwa msimamo wake sasa. Yaani anaeleza msimamo, hanukuu! Alikuwa anasimulia sakata la De l'esprit, kitabu cha mwanafalsafa Helvétius kilichochomwa moto Paris mwaka 1759. Voltaire hakukipenda, lakini kukichoma aliona ni kujisumbua bure. Na Tallentyre ni jina la kalamu la Mwingereza Evelyn Beatrice Hall, ambaye mwaka 1939 alieleza kwa barua kwamba maneno ni yake.
Onyo: usiamini kipande. Onyo la pili: usiamini funga semi.

6. Ukinukuu, andika "Hall, akieleza msimamo wa Voltaire". Basi.

MASWALI

Mzee wa Fasta: Kwa hiyo Voltaire alisema mwaka gani?

Jibu: Hatua ya 5.

Mzee wa Fasta: Nimepitia juu juu mkuu, ni ndefu. Halafu mbona kila mtu anajua ni Voltaire?

Jibu: Ndiyo maana nimeandika somo. Jibu lako liko aya ya kwanza, maneno mawili.

Binti Kalamu: Shikamoo mwalimu. Kuna mahali wanataja barua ya Voltaire kwa Le Riche, tarehe 6 Februari 1770. Hiyo je?

Jibu: Marahaba. Hilo ndilo swali! Barua ipo kweli, na inawanasa wengi kwa sababu ina tarehe kamili. Ila sentensi hiyo haimo. Ifungue kwenye mikusanyo ya barua zake uisome mwanzo mwisho, wala si ndefu.

Kobe: Na "Nipo kwa sababu tupo" ya Desmond Tutu?

Jibu: Tutu aliisambaza sana falsafa ya ubuntu, lakini lile umbo lake maarufu lifuatilie kwa John Mbiti wa Kenya, African Religions and Philosophy, 1969: nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Mimi kila nikiisoma namsikia Descartes, mwanafalsafa wa "Nafikiri, kwa hiyo nipo", anajibiwa.

Binti Kalamu: Descartes naye alianza na Kilatini au Kifaransa?

Jibu: Kifaransa, Discours de la méthode, 1637. Kilatini chake, "Ego cogito, ergo sum", kiko kwenye Principia, 1644. Katikati hapo, Tafakuri ya Pili ya kitabu chake Meditationes, 1641, inasema "ego sum, ego existo" (mimi nipo, mimi naishi), ile "ergo" (kwa hiyo) hakuna. Wengi wanaitaja Tafakuri bila kuifungua. Ukipata muda ziweke zote tatu mezani, utafurahi.

Mzee wa Fasta: Mkuu nirushie PDF ya hicho cha 1906.

Jibu: Hatua ya 4.