Somo: Kushuka mlima Kitonga bila kuchoma breki

Juzi nimeshuka Kitonga, kwenye barabara ya Iringa–Morogoro, nikitokea Iringa. Mbele yangu gari dogo, taa za breki zinawaka tangu juu hadi chini. Nilipomkuta tena dereva wake alikuwa amepaki pembeni, moshi unatoka magurudumu ya mbele, watoto wamo ndani. Nimeandika somo hili kwa ajili yake.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Ukikanyaga mfululizo hazipoi, pedi hukosa ukali, na mafuta ya breki yaliyonyonya unyevu huchemka. Yakitoa mvuke, pedali inazama mpaka sakafuni na gari halisimami.

1. Pangua gia ukiwa bado juu, kabla ya mteremko. Gia ambayo ungepandia mlima ndiyo ya kushukia, mara nyingi namba 2 au 3. Kwa otomatiki, toa D uweke 2 au L. Toyota nyingi za zamani zina kitufe cha O/D (overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi) kwenye gia: kibonyeze hadi taa ya O/D OFF iwake. Kama gia ya gari lako ina alama ya B (injini kusaidia kuzuia mwendo), tumia hiyo.

2. Ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Injini itanguruma na mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) utapanda. Usiogope, mradi haugusi alama nyekundu.

3. Mwendo ukizidi, kanyaga breki sawasawa mpaka ushuke, mfano kutoka 45 hadi 35, kisha achia kabisa. Kuegesha mguu kwenye pedali ndiko kunakounguza.

4. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona. Baki kushoto kwako, maana semitrela linalopanda huhitaji nafasi kubwa kukata kona.

5. Usishuke free, yaani gari likiwa halipo kwenye gia. Kamwe.

Maswali ya wanachama

*Kaka, kushusha gia si kunakula mafuta?*
Hapana, dada. Kwenye injini za injekta (vinyunyizio vya mafuta), ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta hufunga injekta, na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka free ndipo mafuta yanachomwa ili isizime.

*Breki zikikataa katikati ya mlima?*
Pampu pedali haraka haraka, huku unashusha gia moja moja. Vuta hendibreki taratibu, kitufe chake umekibonyeza ili uweze kuilegeza gurudumu likianza kuteleza. Washa hazadi, piga honi. Pasipo namna, sugua gari upande wa mlima, siyo wa korongo. Usizime injini, usukani utakuwa mgumu.

*Nimesikia harufu ya kuungua, nimwagie maji?*
Usimwage, mkuu! Diski ya moto ikipata maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Paki mahali salama, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, subiri zipoe zenyewe, hata kama ni nusu saa.

*Mafuta ya breki nibadilishe lini?*
Magari mengi ni kila miaka 2, hata kama hujatembea sana. Unyevu hausubiri kilomita.