SOMO: Kupima weldi kwa dawa nyekundu boila ikiwa imezimwa

Wakuu, kila masika viwanda vya sukari vikizima mitambo inbox yangu inajaa swali moja, "nimepuliza nyekundu sijaona kitu, nipitishe?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtupia huku. Kwa mgeni: nyekundu ni dawa ya rangi inayopenya kwenye ufa, klina ni ya kusafishia, nyeupe ni unga wa kopo unaoivuta nyekundu itoke ufani ionekane.

1. Kibali kiwe mkononi, kufuli lako liwe kwenye valvu, na ndani ya dramu (tangi la juu la boila) huingii hewa haijapimwa.

2. Macho kwanza. Laza tochi ubavuni mwa weldi, ukiona vitundu au ukingo umeliwa rudisha kwa fundi, usiharibu dawa.

3. Toa slagi (gamba la juu ya weldi) na spata (matone ya chuma yaliyorukia pembeni), brashi ya waya, futa kwa klina, iachie ikauke. Grainda usiikandamize, inasugua chuma mpaka inaziba mdomo wa ufa.

4. Puliza nyekundu, subiri dakika 10. Chuma kisizidi nyuzi 52, weldi ya moto iache ipoe.

5. Kuitoa nyekundu. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka wangu wa pili kazini, saa nane usiku, mkandarasi kanisimamia kichwani anataka kufunga, nikashika kopo la klina nikapuliza moja kwa moja juu ya weldi, nyekundu ikatiririka yote, weldi ikang'aa kama sahani ya harusi, nikapaka nyeupe ikakaa nyeupe pe, nikasaini. Jaribio la presha ya maji nalo likapita maana ufa ulikuwa haujatoboa. Msimu haujamaliza wiki mbili mrija ukapasuka, boila ikazimwa, miwa iliyokwisha katwa imelala kwenye matrela inachacha. Walipoukata, ufa umeanzia ukingoni mwa weldi niliyoisaini. Kumbe klina niliyopuliza ilikuwa imeisafisha na nyekundu iliyoingia ndani ya ufa. KLINA UNAPULIZA KWENYE KITAMBAA. Kwanza futa kwa kitambaa kikavu, halafu chenye unyevunyevu, kisiwe kinachuruzika. Kikibaki kivuli chekundu kwa mbali afadhali hicho kuliko kuosha.

6. Tikisa kopo la nyeupe, puliza utando mwembamba, subiri tena dakika 10, usome alama nyekundu zilizojitokeza.

MASWALI

Chuma Chakavu: Mkuu klina imeisha, petroli inafaa? Na hizo dakika 10 naweza kufanya 3, supavaiza ananisukuma

Jibu: Petroli ndani ya boila na jirani yako anachomelea? Hapana. Dakika ni 10, zimeandikwa.

Chuma Chakavu: Nimeuliza tu mkuu mbona mkali

Jibu: Nimejibu tu.

Binti Fundi: Shikamoo kaka. Jana nimepata alama mbili, moja kijistari, nyingine kidoti cha duara. Zote nizikatae?

Jibu: Marahaba, swali zuri. Pima kwa rula. Urefu ukizidi upana mara tatu huo ni mstari, na kwa kanuni za boila za ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani) mstari unaozidi milimita 1.6 haupiti. Duara linavumiliwa mpaka milimita 5, ila vikiwa vinne au zaidi vimejipanga safu na vimebanana, kataa. Halafu anza kuangalia tangu unapopuliza nyeupe, usisubiri mwisho, maana alama ikitanuka sana doti na mstari havitofautiani tena. Alama inayotoka haraka na kuzidi kutanuka mara nyingi ina kina.

Mzee wa Rodi: Kuna weldi nilipima jioni safi, kesho yake ina ufa. Uchawi?

Jibu: Unyevu kwenye rodi mzee wangu. Hidrojeni inaingia kwenye chuma, ufa unakuja baadaye. Chuma kinene pima tena baada ya saa 48. Na 7018, rodi zisizotakiwa kushika unyevu, zikae kwenye oveni.

Mzee wa Rodi: Sisi tunaweka kwenye friji bovu tumefunga balbu

Jibu: Balbu haifikishi nyuzi 120 mzee. Kwa 6013, rodi za kawaida, sawa, 7018 hapana.

Dereva Krini: Nje ya mada, hiyo nyekundu ikishika kola ya shati inatokaje? Mama watoto hanielewi kabisa

Jibu: Klina hiyo hiyo. Kwenye kitambaa lakini 😂