Kuandaa ndondo Mwanza bila hela kuivuruga

Kaa kijiwe chochote kuanzia Mirongo hadi Igoma, taja mpira wa siku hizi, utaambiwa hela imeuharibu. Ubishi huu ni mkongwe kuliko klabu zetu zote. Chama cha soka cha Uingereza kiliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885. Miaka kumi baadaye klabu za raga za kaskazini ya nchi hiyo zilijitenga, kwa sababu viongozi wa raga walikataa hata mchezaji kufidiwa mshahara wa siku aliyoacha kazi kwenda kucheza. Waliosema kulipwa ni aibu walikuwa watu wa mashamba na urithi. Mchimba makaa hakuwa na anasa hiyo, na wa bodaboda wa Buhongwa hana.

Kwa hiyo hapa hatukufundishi kufukuza hela. Ndondo, yaani mashindano ya mpira wa mitaani, hufa kwa hela iliyorundikwa mahali pamoja, kwa kawaida kileleni, na kwa hela isiyojulikana iko mfukoni mwa nani. Hayo mawili yakitengenezwa mapema, mengine mengi hayatokei.

Bajeti kabla ya bango

Tuchukue mfano wa timu 16 katika makundi manne. Kila kundi lina mechi 6, jumla 24. Ongeza robo fainali 4, nusu fainali 2, mshindi wa tatu na fainali: mechi 32. Ukicheza Jumamosi na Jumapili tu unahitaji siku 14, yaani wiki saba. Anza mwanzoni mwa Juni, wakati masika yameisha, umalize kabla ya mvua za vuli.

Tuseme kiingilio cha kila timu ni 100,000, hivyo 1,600,000, na mdhamini anatoa 4,800,000. Mkononi una 6,400,000. Toa gharama kwanza:

- Waamuzi: wa kati 20,000, wasaidizi wawili 15,000 kila mmoja, wa mezani 10,000. Ni 60,000 kwa mechi, mara 32 ni 1,920,000.
- Mtu wa huduma ya kwanza na vifaa vyake, 30,000 kwa siku: 420,000.
- Chokaa na vijana wa kuchora uwanja, 20,000 kwa siku: 280,000.
- Mipira minne: 180,000.
- Kombe, medali na kuchapa fomu za usajili: 400,000.

Hapo ni 3,200,000, nusu kamili. Bei za kwako zitatofautiana, lakini uwiano usiuguse: zawadi zisizidi nusu ya hela yote. Mwandaaji anayetangaza zawadi ya milioni tano akiwa na milioni sita atawakopa waamuzi kuanzia wiki ya tatu, na mwamuzi anayedai ni mwamuzi anayetafuta pa kulipwa.

Zawadi: pengo ndilo hatari

Hapa tutakaa kidogo, maana waandaaji wengi hapa ndipo wanapokosea. Bango linasema bingwa milioni mbili na nusu, wa pili laki tatu, wengine kwaheri. Pengo la kwanza na la pili ni 2,200,000. Mfadhili wa timu anapiga hesabu: nikileta mamluki (wachezaji wa kukodi) watano kwa 150,000 kila mmoja, natumia 750,000, nikishinda bado nimebaki na faida. Vijana waliocheza wiki sita wanakaa benchi siku ya fainali, na mashabiki wa mtaa wao ndio wa kwanza kurusha chupa.

Sasa igawe 3,200,000 ileile hivi. Bingwa 900,000, wa pili 600,000, wa tatu 350,000, wa nne 250,000. Timu nne zinazotolewa robo fainali zipate 100,000 kila moja, yaani zirudishiwe kiingilio chao. Kisha weka 20,000 kwa kila ushindi wa hatua ya makundi. Sare haina kitu. Hata mechi zote 24 zikipata mshindi ni 480,000. Jumla 2,980,000, inabaki 220,000 ya akiba.

Pengo la kwanza na la pili limekuwa 300,000. Mamluki wawili wameshalila, tena bila uhakika wa kushinda. Hakuna kanuni ya karatasi inayomzuia mfadhili kama hesabu inayomwambia hakuna faida.

Ile 20,000 ya ushindi wa makundi usiidharau. Timu iliyopoteza mechi mbili haina cha kupigania katika ya tatu, na timu ya namna hiyo ndiyo inayouzika. Ukiiwekea hata nauli ya kurudi nyumbani, ina sababu ya kukaza.

Akiba ni ya majeruhi kwanza, mpira uliopasuka baadaye. Mvuvi akivunjika mguu kwenye ndondo yako hana klabu ya kumtibu.

Meza ya pointi isiyonunulika

Ushindi pointi 3, sare 1. Timu zikilingana, angalia kwanza matokeo zilipokutana zenyewe. Tofauti ya mabao ije ya pili, na ushindi wowote uhesabiwe mwisho mabao 3: aliyeshinda 9-0 aandikiwe +3. Baada ya hapo kadi chache, kisha kurusha shilingi.

Watu wa Mwanza wanajua sababu. Februari 2016, kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, siku ya mwisho timu mbili zilizokuwa zinawania kupanda zilishinda 8-0 na 7-0. TFF, shirikisho la soka la nchi, iliona upangaji wa matokeo, ikaziadhibu timu zilizohusika, na Mbao FC ya hapa ikapanda Ligi Kuu. Mwaka uliofuata Mbao hao hao walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa 2-1 na Simba pale Dodoma. Mabao yakiwa ndiyo sarafu ya kupandia, kutakuwa na wa kuyauza.

Lakini matokeo ya ana kwa ana peke yake hayatoshi. Mwaka 1982, kwenye Kombe la Dunia, Algeria ilimaliza mechi zake za kundi siku moja kabla ya Ujerumani Magharibi na Austria kukutana Gijón. Wote wawili walijua 1-0 ya Wajerumani inawapitisha pamoja. Bao likaingia mapema, na muda uliobaki wakapasiana. Tangu Kombe la Dunia lililofuata mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja.

Kwako ina maana ya viwanja viwili vilivyo karibu na seti mbili za waamuzi kwa siku mbili za mzunguko wa tatu. Huna uwanja wa pili? Badilisha mfumo: katika kila kundi, A acheze na B, C na D. Washindi wakutane, atakayeshinda amepita. Walioshindwa wakutane, anayefungwa anaondoka. Aliyebaki akutane na aliyepoteza mechi ya washindi, wagombee nafasi ya pili. Ni mechi 5 kwa kundi badala ya 6, na hakuna hata moja ya kusindikiza. Gharama ya waamuzi nayo inashuka.

Usajili

Wachezaji 20 kwa timu, si zaidi. Karatasi moja ya A4 yenye picha ya kila mchezaji, jina kamili, namba ya kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura, na mhuri wa mtendaji wa mtaa. Aliye chini ya miaka 18 alete cheti cha kuzaliwa. Nakala tatu: ya timu, ya mezani, na ya kubandikwa ubaoni ili wapinzani waisome. Hiyo ya ubaoni ndiyo inayofanya kazi kubwa, maana mtaa unajua nani anaishi wapi kuliko kamati.

Dirisha lifungwe siku tatu kabla ya droo na lisifunguliwe tena kwa sababu yoyote, kifo na majeruhi vikiwemo. Ukiacha mwanya wa kubadili jeruhi, kufikia robo fainali kila timu itakuwa na majeruhi watano wenye vyeti.

Wachezaji wa ligi usiwapige marufuku. Marufuku kamili huzaa majina bandia, na kijana wa klabu ya Pamba aliyekulia Mabatini ana haki ya kucheza kwao wakati wa mapumziko ya ligi. Ruhusu wawili kwa timu, wenye barua ya klabu zao. Barua ni muhimu: mchezaji mwenye mkataba akiumia kwako bila ruhusa, yeye ndiye atakayelipia. Nje ya hao, wasiozidi watatu watoke nje ya kata.

Nusu saa kabla ya mechi wachezaji wapange mstari, wa mezani alinganishe sura na picha, timu pinzani ikiangalia. Pingamizi lolote litolewe hapo, si baada ya kufungwa.

Ratiba, jua na mwezi

Mechi mbili kwa siku kwa kila uwanja: saa 8:30 mchana na saa 10:30 jioni. Kwa miezi hiyo jua la Mwanza linazama karibu saa 12:50, na mechi ya pili inaisha kama saa 12:20. Penalti zinatosha, dakika 30 za nyongeza hazitoshi. Kwa hiyo hatua ya mtoano sare iende moja kwa moja kwenye penalti, na iandikwe hivyo kwenye kanuni.

Timu za Igombe na Kayenze zina wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Pangia timu hizo mechi za wikiendi iliyo karibu na mwezi mpevu, la sivyo utaona wachezaji tisa wanaosinzia na utadhani wamehongwa.

Fidia ya siku lipa sawa kwa wote, au usilipe kabisa. Nauli na maji kwa kila mchezaji aliyefika, awe nyota au golikipa wa akiba.

Waamuzi na mikeka

Omba kibali chama cha soka cha wilaya, Nyamagana au Ilemela, pamoja na afisa michezo wa halmashauri, na barua ya ulinzi ipeleke polisi. Chama ndicho kikupangie waamuzi. Omba wa robo fainali kwenda juu watoke nje ya jiji: Magu, Misungwi, hata Sengerema, kwa kuwa sasa daraja la Kigongo–Busisi lipo na mtu hasubiri kivuko. Majina yatajwe asubuhi ya mechi.

Mwamuzi alipwe na mweka hazina, mkononi au kwa simu, kabla ya kipenga cha kwanza. Akilipwa baada ya mechi atakuwa anasubiri hela yake katikati ya mashabiki wa timu iliyofungwa.

Mikeka, yaani kuweka dau, pembeni ya uwanja hutaikomesha. Unachoweza ni kuandika kwamba mchezaji, kocha, mwamuzi au mjumbe wa kamati akithibitika ameweka dau kwenye mechi za mashindano anaondolewa, na timu yake inapoteza pointi 3.

Kuna hela nyingine ndogo inayoharibu sana: ya mashabiki wanaoingia uwanjani kumtunza mfungaji. Baada ya noti mbili tatu winga haachii pasi tena, na hakuna anayemtunza beki. Weka ndoo mezani yenye jina la timu, watunzaji watumbukize humo, ihesabiwe mbele ya manahodha wawili.

Mdhamini

Hela iingie benki kabla ya droo, akaunti iwe na watia saini watatu kutoka mitaa tofauti. Ahadi ya jukwaani si hela. Mkitaka kumrahisishia, aingize nusu kabla ya droo na nusu kabla ya robo fainali, na mkataba useme kwamba nusu ya pili isipoingia zawadi zinapunguzwa kwa uwiano uleule, waamuzi hawaguswi.

Mkataba huo useme anachopata: bango, jina la kombe, kukabidhi zawadi. Useme pia asichopata: kupanga ratiba, kuchagua waamuzi, kuingiza timu bila usajili. Atakuja na ombi la kuipeleka timu yenye mashabiki wengi moja kwa moja nusu fainali. Ni ombi lile lile la klabu 12 kubwa za Ulaya, Aprili 2021, zilipotangaza ligi yao ambayo waanzilishi wasingeshuka. Klabu sita za Uingereza zilijitoa ndani ya siku mbili baada ya mashabiki kuchachamaa. Fanya droo hadharani, Jumapili, uwanjani, mtoto achomoe karatasi.

Mdhamini mwenye timu yake kwenye mashindano asikae kwenye kamati. Akikataa, tafuta mwingine au punguza timu zibaki 8.

Hela ikishafika kwenye timu

Kila timu ilete mgawanyo wake ulioandikwa pamoja na fomu ya usajili. Mfano wa 900,000: asilimia 60 kwa wachezaji 20, kila mmoja 27,000, asilimia 20 ya jezi na mipira, 20 kwa kocha na wasaidizi. Kwa mabao usigawe. Kama mfadhili anataka kurudishiwa gharama zake, kiasi hicho kiandikwe kabla ya mechi ya kwanza, maana baada ya fainali kila mfadhili hukumbuka kwamba alinunua maji.

Fungu la wachezaji kamati ilitume kwa simu moja kwa moja, namba kwa namba, kutoka kwenye fomu, na makato ya kutuma yatoke kwenye akiba. Maliza ndani ya saa 48. Hesabu zote zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa ndani ya siku saba, na salio la akiba likiwa na jina la anayelishika.