SOMO: Kuchagua simu yenye kamera nzuri, megapikseli zisikuzuge

Wadau wa Kigoma, tukiingia duka la simu pale Mwanga swali la kwanza huwa "ina megapikseli ngapi?" Na muuzaji hapo ndipo anapokupatia. Kabla hujatoa hela, fanya hivi.

Hatua 1: Namba kubwa weka pembeni. Simu ya 50MP kwa kawaida huunganisha pikseli nne nne, picha ikatoka na kama 12MP. Hujaibiwa, ndivyo inavyokusanya mwanga. Cha kuuliza ni ukubwa wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga: 1/1.5 ni kubwa kuliko 1/2.8. Kwenye boksi mara nyingi haipo, ingiza jina kamili la simu mtandaoni.

Hatua 2: Tazama f, namba ya tundu la lenzi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa: f/1.8 hupitisha mwanga mwingi kuliko f/2.4.

Hatua 3: Macho ya nyuma yasikutishe. Simu nyingi za bei nafuu zina ya makro (ya vitu vya karibu sana) na ya kina (ya kupima umbali), 2MP kila moja. Urembo tu.

Hatua 4, na hii usiiruke: jaribu palepale dukani. Piga picha ya boksi chini ya kaunta penye giza, kisha ikuze usome maandishi. Yakiwa kama yamepakwa rangi ya maji, rudisha. Halafu rekodi video ukitembea. Yenye OIS (kituliza picha), lenzi au sensa husogea kufidia mtikisiko wa mkono. Ila OIS haizuii kinachosogea chenyewe: taa za wavuvi wa dagaa ukizipiga kutoka Kibirizi kwa modi ya usiku, simu hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, mtumbwi ukiyumba taa inakuwa mchirizi.

MASWALI

— Mkuu, niko Ujiji nauza migebuka WhatsApp. Laki tatu inatosha?
Kwa picha za mchana inatosha dada. Piga kivulini, bila flashi, maana magamba yanarudisha mwanga. Na futa lenzi, mikono ya samaki ina mafuta!

— Zumu 100x itanifaa kwa sokwe wa Gombe?
Hapana. Hiyo sehemu kubwa ni kukata picha na kuikuza. Tafuta lenzi ya kuvuta ya kweli, 3x au 5x, tena yenye tundu kubwa, kule msituni ni kivuli.

— Na simu ya mkononi, yaani iliyotumika?
Piga ukuta mweupe. Doa likibaki sehemu ileile kila picha hata ukishaifuta lenzi, achana nayo.