Jinsi ya kuona vitu ambavyo wengi wanavipita Disneyland

Ukiingia Haunted Mansion, ile nyumba ya mizimu pale Disneyland California, usikimbilie kiti. Kile chumba kinachorefuka ni lifti, unashushwa bila kujua ili upite chini ya reli, ila kwenye Haunted Mansion ya kule Disney World Florida hushuki kabisa, dari ndo linapanda. Kwenye ukumbi wa dansi sasa, hapo tulia: mizimu ni midoli iliyofichwa, unachoona ni taswira tu kwenye kioo kikubwa, ujanja wa karne ya 19 huo, na kwa vile taswira imegeuka cheki wanaocheza, mwanamke ndo anaongoza mwanaume 😂. Nje, soma madirisha ya Main Street, ule mtaa wa kuingilia Disneyland, yana majina ya waliojenga hapo. Kasri nalo, matofali yanazidi kuwa madogo kadri yanavyopanda, unaliona refuuu kumbe futi 77 tu.